Darasa la Kuzimia

Katika mtaa ule kila mtu mzima alijua kuzimia, na aliyewafundisha ni fundi wa makochi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, hakugusa pombe, hakusengenya, na kochi lililotoka mikononi mwake lilikaliwa na wazazi, watoto na wajukuu bila kutoa mlio. Lakini mtu anaweza kuwa mnyoofu katika mbao na sponji na akapinda katika jambo moja tu, na hilo moja likatosha kuharibu mengine yote.

Lilianza na kwikwi. Kwikwi ilimshika asubuhi, ikamkatalia kupiga hata msumari mmoja ukaenda sawa, akaamua kwenda hospitali kubwa, moja kwa moja chumba cha dharura, maana kwa akili yake ugonjwa ulikuwa ugonjwa na hospitali ilikuwa pale penye mashine. Akaketi kwenye benchi. Akasubiri, akirushwa na kwikwi, mpaka jirani zake wa benchi wakasogea kando wasimwagikiwe na chai zao. Mara akaingia bwana mmoja, akapiga hatua chache, akaanguka chini puu. Wauguzi wakaruka, machela ikaja mbio, yule bwana akaingizwa ndani hata kabla fundi hajamaliza kushangaa.

Fundi hakumhurumia. Alimtazama kama anavyotazama kochi la fundi mwingine: aone limeungwaje. Magoti yamelegea kwanza, nyonga ikafuata, bega likamalizia. Kwa hiyo alipoota jipu kwapani mwezi uliofuata, hakukaa kwenye benchi. Alianguka. Alibebwa, akawekwa kwenye machela, akasukumwa mbio mpaka ndani kama mkubwa wa nchi, na hakuzinduka mpaka alipoona sindano.

Habari ilifika mtaani kabla yake. Watu wakaanza kuja karakanani jioni, wakijifanya wanaulizia makochi.

"Fundi, hivi ulifanyaje?"

Naye, badala ya kuona haya, akavimba kichwa. Kulikuwa na kochi refu la kahawia ambalo mwenyewe hakulifuata tena. Fundi akalivuta katikati ya karakana, akaligeuza kuwa darasa.

"Usianguke kama gunia," alikuwa akiwaambia wanafunzi wake, mikono nyuma, akitembea kati ya vipande vya vitambaa. "Gunia halina uchungu. Magoti kwanza. Nyonga ifuate. Bega limalizie. Kichwa kiwe cha mwisho, tena kishuke polepole. Kichwa ni mali yako."

"Na macho, mwalimu?" aliuliza kinyozi, mwanafunzi wake bora, mtu mwembamba aliyeanguka kwa ulaini kama shuka linaloteleza kitandani.

"Fumba nusu. Ukifumba yote utaonaje machela inakotokea?"

"Na mdomo?"

"Wazi kidogo. Lakini ulimi usitoke. Kutoa ulimi ni kutia chumvi."

Mwanafunzi mbovu kuliko wote alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, muuza viatu. Huyu kila alipolegeza magoti alicheka. Na hata aliposhinda kicheko, hakukubali kuanguka mpaka achague mahali, apapanguse, atandike leso yake, ndipo azimie juu yake.

"Shemeji, aliyezimia hatandiki!" fundi alimfokea.

"Shati jipya hili, mwalimu. Nikizimia nalo likachafuka, mke wangu atanizimisha kweli."

Kwenye pembe ya karakana, nyuma ya cherehani, mke wa fundi alishona mifuniko ya mito bila kusema neno. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Kicheko kilipozidi alitikisa kichwa tu, akaendelea kukanyaga.

Upande wa pili, hospitalini, haikuwa mchezo. Mlangoni pa chumba cha dharura alikaa muuguzi mkuu, ambaye watu wote walimwita Sista, mwanamke mwenye sauti nzito na hasira aliyoipata kihalali. Kanuni ya pale ilikuwa moja na haikuvunjwa: aliyeko sakafuni hutazamwa kabla ya aliyeko kwenye benchi. Hata kama unahisi anaigiza, utapiga magoti, utamshika mshipa, utamchungulia macho, maana siku utakayempuuza ndiyo siku ambayo haigizi. Ni kanuni nzuri. Ilitungwa na watu waliodhani hakuna mtu mzima mwenye akili timamu atakayejilaza chini kwa makusudi. Siku moja mama mmoja alisubiri na mtoto aliyeunguzwa na maji ya moto, akimpepea kwa khanga, huku kinyozi amelazwa kwenye machela kwa sababu ya ukucha uliozama nyamani. Hilo halichekeshi, na waliolicheka baadaye karakanani walifanya vibaya.

Ndipo hospitali ikafanya jambo la maana. Ikamleta daktari wa familia. Ikamsafishia chumba kilichokuwa stoo ya viti vya magurudumu vilivyovunjika, mlango wa kushoto kabla hujafika chumba cha dharura. Kazi yake ilikuwa kuwaona wenye vikohozi, majipu, viungulia na masikio yanayowasha, na kuwafuatilia wenye presha na sukari kabla mambo hayajaharibika, ili madaktari wa ndani wabaki na waliovunjika, walioungua na wanaokata roho. Sista akaanza kugawa watu pale mlangoni: wewe ndani, wewe kushoto.

Mtaa ukanuna.

"Daktari gani huyo hana hata machela?" alisema kinyozi, akiwa amejinyoosha kwenye kochi la kahawia.

"Tena ana maswali!" alidakia shemeji, ambaye alikuwa ametumwa kushoto na kikohozi chake. "Ananiuliza nalala na nani chumbani. Napika na nini. Baba yangu alikufa kwa ugonjwa gani. Nikamwambia, daktari, mimi nimeleta kikohozi, ukoo nimeuacha nyumbani."

"Akasemaje?"

"Akasema ukoo nimekuja nao."

Watu wakaguna. Tangu siku hiyo kupelekwa kushoto kukawa aibu, kama kuambiwa mbele za watu kwamba hata ugonjwa wako si wa maana.

Haukupita muda fundi akapatwa na kiungulia kikali. Akavaa shati lake la kwendea hospitali, akaenda, akaanguka kwenye kizingiti kwa ufundi wote. Sista akatoka mezani, akapiga magoti, akamshika mshipa, akamchungulia macho, kisha akainuka na kujipangusa.

"Fundi, leo bega limetangulia nyonga. Umechoka?"

Fundi akafumbua jicho moja. "Lilitangulia?"

"Lilitangulia. Inuka, mlango wa kushoto."

"Sista, mimi nimezimia."

"Nimeona. Ukimaliza, mlango wa kushoto."

Akainuka, akajikaza, akaingia. Alimkuta mwanamke wa makamo, mnene, miwani inaning'inia shingoni kwa uzi, amevaa viatu vya mtu anayetembea sana. Fundi akatazama kwanza kiti alichoonyeshwa, kwa kuwa kazi ni kazi, akaona sponji yake imekufa zamani.

"Karibu, baba. Tumbo linaunguza wakati gani?"

"Linaunguza tu, daktari."

"Ukiwa umekaa au umelala?"

"Nikiwa kazini."

"Kazini unakaaje? Hebu nionyeshe."

Fundi akapiga magoti, akainama kama mtu anayepigilia kitambaa chini ya kochi, tumbo limekunjika, midomo ameikaza upande mmoja.

"Mdomoni kuna nini?"

"Misumari. Ile midogo. Tunaishika mdomoni ili mikono iwe huru."

"Na chakula cha mchana unakulia wapi?"

"Hapohapo."

"Misumari ikiwa mdomoni?"

Fundi akafikiri kwa uaminifu. "Naihamishia shavu la pili."

Daktari akavaa miwani, akamtazama vizuri, akaivua tena. Akamwambia misumari ikae kwenye kopo, chakula kiliwe mezani mgongo ukiwa wima, na usiku asilale mara tu anaposhiba. Akampa na vidonge. Hakuna sindano, hakuna dripu, hakuna mashine iliyopiga mlio. Fundi akajiona amepunjwa.

"Nyumbani uko na nani?"

"Na mke wangu. Watoto wameshajitegemea."

"Mama anaendeleaje?"

"Yule? Yule haugui."

"Haugui kabisa?"

"Anachoka tu. Siku hizi akikanyaga cherehani anasimama katikati apumue. Lakini kulalamika, hapana. Si mtu wa hivyo."

"Mlete nimwone. Wiki hii."

"Mimi nimekuja na tumbo langu, daktari."

"Tumbo lako nimelimaliza. Mlete mkeo."

Fundi alirudi nyumbani amefura.

"Mama Watoto, hebu sikia maajabu! Nimempelekea tumbo, yeye anataka mke!"

Mkewe akasimamisha cherehani. "Anataka kuniona mimi?"

"Ndiyo. Sijui wewe na kiungulia changu mna uhusiano gani."

"Basi nitakwenda." Akakata uzi kwa meno, akaulaza juu ya meza. "Kifua kinanibana nikipanda ngazi. Na mkono huu unakuwa mzito, kama si wangu."

Moyo ulimpiga fundi, hilo lazima lisemwe kwa haki. Lakini papo hapo akawaza mtaa. Mke wa mwalimu apite mlango wa kushoto, kinyozi akiona? Akasogeza kochi la kahawia.

"Ukienda, nenda kwa heshima. Uingizwe ndani kabisa, penye mashine. Nitakufundisha mwenyewe, ni rahisi. Magoti kwanza..."

"Mimi sianguki, Baba Watoto."

"Ni kidogo tu, hata shuka tutatandika..."

"Sianguki. Sijui kuanguka na sitaki kujua. Nikiumwa nitasema naumwa. Ila mlango wa kushoto napita, hata kesho."

"Hapiti mtu wa nyumba hii mlango wa kushoto!"

Wakaishia hapo. Yeye alikuwa tayari kwenda amesimama, mumewe alitaka aende amelala, na kati ya hayo mawili hakwenda kabisa. Alirudi kwenye cherehani. Akakanyaga kidogo, akasimama akapumua, akakanyaga tena. Fundi alizisikia zile pumzi kila siku, akapiga nyundo kwa nguvu zaidi asizisikie. Mume aliyekabidhiwa afya ya mkewe akaiweka chini ya sifa zake mwenyewe ana kesi ya kujibu, awe amesoma au hajasoma.

Jioni moja kinyozi akaja na wazo.

"Mwalimu, tatizo letu tunaanguka mmojammoja. Mmoja wanamtupa kushoto. Tukianguka wote kwa pamoja, hicho chumba cha kushoto kitatutosha?"

Wakatazamana. Ilikuwa hoja iliyosimama, japo ya watu waliolala.

"Jumatatu asubuhi," fundi akaamua. "Nguo safi. Mtapishana kidogo mlangoni, msiangukiane. Na wewe shemeji, leso iache nyumbani."

"Nitakuja na ndogo."

Jumatatu ilipofika fundi alivaa shati lake la hospitali, akakumbuka mguu wa kiti uliobaki na misumari michache, akasema amalizie kwanza. Akainama, misumari mdomoni, maana kopo lile hakuwahi kulitafuta. Cherehani ikaacha kulia. Akangoja ianze tena. Haikuanza.

"Baba Watoto," mkewe alisema, sauti ya kawaida tu. "Leo nipeleke."

Fundi akageuka. Mkewe alikuwa ameketi wima kama siku zote, lakini uso ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, jasho jembamba linamtiririka shingoni, na mkono mmoja ameukumbatia kwa mwingine kama mtoto wa watu. Katika maisha yao yote hakuwahi kuomba apelekwe popote. Fundi alifungua mdomo, na misumari yote ikamwagika sakafuni.

Jirani muuza maziwa alikuwa na gari lake la mizigo. Wakaenda humo, mama mbele, fundi nyuma katikati ya madumu, roho juu, akigonga bati kila gari lilipopunguza mwendo.

Walipofika, sakafu ya chumba cha dharura ilikuwa imetandazwa watu kama mikeka inayoanikwa. Wanafunzi wake wote walikuwa wamefika kwa wakati. Kinyozi alikuwa ameshapata machela. Shemeji alikuwa amelala pembeni, mikono kifuani, leso ndogo chini ya kisogo. Wengine walikuwa wameegemea miguu ya mabenchi, mdomo wazi kidogo, ulimi ndani. Kwa nukta moja tu, Mungu amsamehe, fundi aliona fahari: hakuna bega hata moja lililokuwa limetangulia nyonga.

Kisha akamwona Sista. Alikuwa amepiga magoti, anamshika mtu mshipa, anamwacha, anatambaa kwa anayefuata. Wauguzi wengine wawili walikuwa wanafanya vivyo hivyo upande wa pili. Kanuni ilikuwa kanuni.

"Sista! Mke wangu! Mke wangu anaumwa!"

Sista hakuinua hata kichwa. "Na mke umemleta? Mwambie alale hapo na wenzake, nitafika."

"Huyu ni kweli, Sista!"

"Na hawa je?"

Fundi akageuka. Mkewe alikuwa ameketi kwenye ncha ya benchi, ametulia, amefumba macho, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Fundi akamwinamia.

"Mama Watoto, nakuomba. Anguka kidogo."

"Sianguki."

"Wanatazama wa chini kwanza! Teleza tu, mimi nitakudaka!"

"Nimesema naumwa," mkewe alinong'ona. "Inatosha."

Ilipaswa kutosha. Mahali pa watu wakweli ingetosha. Fundi akatazama sakafu nzima, akaona kazi ya mikono yake. Kila aliyelala pale alikuwa mbele ya mkewe kwenye foleni, na kila mmoja alikuwa amewekwa pale na yeye. Akajaribu kuanguka mwenyewe ili aite watu, magoti yakakataa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake yalikuwa yanatetemeka kweli, na yakitetemeka kweli hayakujua pa kuanzia.

Akapanda juu ya benchi.

"Darasa!" alipiga kelele. "Inukeni!"

Jicho moja likafumbuka hapa, lingine kule.

"Mwalimu," kinyozi akanong'ona kutoka kwenye machela, midomo haichezi, "hii ni sehemu ya mpango?"

"Hakuna mpango! Inukeni wote! Hamjazimia, mimi ndiye niliyewafundisha, wote mnajua na Sista anajua! Mke wangu anakufa! Inukeni!"

Sakafu ikainuka. Iliinuka kwa aibu, ikijipangusa magoti, ikitafuta viatu vyake. Watu waliokuwa kwenye mabenchi walipigwa na butwaa. Bibi mmoja akadhani ni muujiza, akaanza kusali kwa sauti. Sista akabaki amepiga magoti, mkono hewani, akiwatazama waliokuwa maiti dakika iliyopita wakitafutana kandambili.

Wawili hawakuinuka. Mmoja alikuwa mzee ambaye hakuna aliyemjua; huyo hakuwa wa darasa, sukari ilikuwa imemshuka kweli, na sasa kwa kuwa sakafu ilikuwa tupu alionekana peke yake kama kisiwa. Sista akamrukia. Wa pili alikuwa shemeji. Huyo alikuwa anakoroma.

Kelele zilimtoa daktari wa familia chumbani kwake. Alisimama kwenye mlango wa kushoto, akawapita wote kwa macho, akaishia kwa mwanamke aliyekaa kimya kwenye ncha ya benchi. Akamwendea, akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono.

"Mama, unaumwa wapi?"

"Kifua. Na taya. Na mkono huu. Samahani kwa usumbufu, daktari."

"Tangu lini?"

"Leo tangu asubuhi. Lakini maumivu yalianza zamani kidogo kidogo."

Daktari akainuka, na sauti yake haikuwa tena ile ya maswali. "Machela! Huyu ndani, sasa hivi, moyo!"

Kinyozi akashuka kutoka kwenye machela kwa adabu zote, akapangusa kwa kiganja mahali alipokuwa amelaza kichwa. Mama akapandishwa, mlango wa ndani ukafunguka, ukafungwa. Kwa hiyo yule daktari asiye na machela ndiye aliyeiita, na siku hiyo yote hakuna mwingine aliyeipanda kwa haki isipokuwa mama huyu na yule mzee wa sukari.

Fundi akabaki amesimama juu ya benchi. Sista akamtazama.

"Shuka."

Akashuka. Sista akaligeukia darasa, ambalo lilikuwa linajisogeza taratibu kuelekea langoni.

"Hakuna anayeondoka! Nani hapa ana ugonjwa wa kweli?"

Mikono ikainuka kwa woga. Mmoja alikuwa na sikio. Mwingine mgongo. Mwingine hakujua ni nini, ila alikuwa anaamka usiku mara nyingi kukojoa. Shemeji, aliyeamshwa na fundi kwa teke dogo, alisema kikohozi kile hakijaisha na ndiyo maana usingizi unampata mchana.

"Kushoto," alisema Sista. "Wote. Kwa foleni. Mmesimama."

Wakajipanga ukutani kama watoto wa shule, wakaingia mmojammoja, wakajibu maswali: wanalala na nani, wanakula saa ngapi, baba alikufa kwa nini. Safari hii hakuna aliyesema ukoo ameuacha nyumbani. Na chumba cha dharura kikatulia, kikawa kimya kiasi kwamba madaktari wa ndani waliweza kusikilizana, na kumsikiliza mama mmoja wa maneno machache.

Fundi alikaa kwenye benchi na kungoja. Benchi lilikuwa limepasuka, sponji imechungulia. Vidole vyake vikaanza vyenyewe kuirudisha ndani, kuikunja, kuibana, sponji ikitoka tena, akiirudisha tena. Hakuwa na sala nyingine iliyomjia.

Daktari wa familia alikuja kuketi kando yake baada ya foleni yake kuisha.

"Mshipa wa moyo ulikuwa unaziba," alisema. "Wameuwahi. Atalala hapa siku kadhaa, kisha atakuwa wangu, nitamfuatilia."

Fundi alishusha pumzi, mabega yakamwanguka. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Daktari, uliniambia nimlete."

"Nilikuambia."

Alingoja amwambie si neno. Daktari hakusema si neno, kwa kuwa lilikuwa neno, tena kubwa. Alimwachia fundi neno hilo akae nalo, akarudi chumbani kwake.

Kochi la kahawia lilikatwakatwa. Mbao na sponji yake vilitumika kutengeneza upya mabenchi ya hospitali, yale ya dharura na lile la mlango wa kushoto, na kiti cha daktari ambacho sponji yake ilikuwa imekufa zamani. Sista ndiye aliyesimamia kazi, akipita na kukandamiza kila mto kwa ngumi, na mara mbili aliagiza ufumuliwe. Aliyekuja karakanani kuulizia somo aliambiwa kwa ufupi jinsi mke wa mwalimu alivyosubiri nyuma ya wanafunzi wa mwalimu. Wengi hawakungoja mwisho wa maelezo. Misumari ilikaa kwenye kopo.

Mama alipopata nafuu wakaenda pamoja kwa daktari wa familia, yeye akitembea polepole, fundi akimbebea mkoba. Fundi alitaka kuingia naye. Akaambiwa asubiri nje. Akaketi kwenye benchi lake jipya, akasikiliza. Humo ndani yule mwanamke wa maneno machache alikuwa anazungumza. Alizungumza bila kupumzika. Alieleza ngazi, cherehani, usingizi, mama yake mzazi na moyo wake, na sauti ya nyundo. Daktari aliuliza kidogo tu. Fundi akagundua kwamba mkewe hakuwa mtu wa maneno machache hata kidogo. Ila hakuwahi kuulizwa.

Alikuwa bado analitafakari hilo, uso umemwiva, kinyozi alipotokea kwenye lango la hospitali. Alitembea kwa shida, miguu imepanuka, akasimama mbele ya benchi.

"Mwalimu, shikamoo."

"Usiniite mwalimu. Una nini?"

Kinyozi akatazama huku na huku, akainama sikioni. "Jipu."

"Wapi?"

"Mahali pa kukalia."

"Pole. Foleni inaanzia hapa nyuma yangu."

Kinyozi akaitazama foleni. Ilikuwa ndefu. Akatazama sakafu, ambayo ilikuwa imepigwa deki na kung'aa. Magoti yake, kwa mazoea tu, yakaanza kulegea.

"Mwalimu, hakuna njia nyingine?"

"Hakuna. Kaa."

"Siwezi kukaa."

"Basi simama," alisema fundi, akamshika mkono na kumnyoosha. "Lakini ole wako uanguke."